Shajara ya kuiandaa nyumba ya baba iuzwe (Katuba, Lubumbashi)

Tarehe 12 mwezi wa 5, 2024

Mvua zimekatika, barabara yetu ya Katuba imeanza kutoa vumbi, na jana tumekubaliana sisi ndugu watano pamoja na mama: nyumba ya baba iuzwe. Baba alifariki mwaka 2016. Mama yuko Likasi kwa mdogo wetu wa kike, miguu haimruhusu tena kuvuta maji kisimani, na wapangaji wawili wa mwisho waliondoka na deni. Mimi naishi karibu, kwa hiyo nimepewa matengenezo. Yaya wetu mkubwa (kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa) atashughulikia karatasi. Naandika kila hatua na kila falanga inayotoka, ili ndugu zangu walio mbali wafuate, na mwenye nyumba ya urithi kama yetu aone tulipoanguka kabla hajafika hapo.

Nyumba yenyewe: parseli (kiwanja) ya mita 15 kwa 20, matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na saluni (sebule). Vyumba viwili vya mbele ni vya miaka ya 1950. Cha nyuma na jiko baba aliviongeza mwaka 1987, na nakumbuka nilikuwa nabeba maji ya kuchanganyia simenti. Uani kuna kisima, mwembe, na huko nyuma kabisa kichuguu kinachonizidi urefu.

Nimezunguka na daftari. Manjanja (mabati ya paa) yameshika kutu, fremu za milango ya nyuma zimeliwa, na ukuta wa upande wa barabara una maandishi. Hayo maandishi nitayaeleza peke yake. Tumechanga dola 1,500, tukidhani zitatosha matengenezo na karatasi.

Tarehe 19 mwezi wa 5: paa

Kiangazi ni wakati mzuri wa kufungua paa na wakati mbaya wa kujua linavujia wapi. Fundi alitufundisha njia hii. Saa sita mchana funga milango na madirisha yote, ziba mapengo kwa mablanketi, kaa gizani mpaka macho yazoee, kisha tazama juu. Katika vyumba viwili visivyo na dari tulihesabu nukta 31 za mwanga. Mtoto wa yaya alipanda ngazi ndani, akawa anapenyeza waya mwembamba katika kila tobo, na fundi akiwa juu akawa anazungushia chaki kila waya unaochomoza.

Baba alikuwa na desturi ya kuziba matobo kwa lami, na kopo lake bado liko stoo. Nilitaka tufanye hivyohivyo ili kupunguza gharama. Fundi akasema ngoja, akakwangua kiraka kimoja cha zamani kwa patasi, na bati lote lililozunguka likabomoka mkononi kama jani kavu la mgomba. Lami ilikuwa imeficha kutu miaka mingi. Tukatoa manjanja 14, tukaweka mapya ya BG 28 (namba ya unene wa bati), misumari yenye mpira kichwani.

Kosa letu lilikuja katika kupandanisha. Fundi msaidizi alipandanisha mawimbi mawili kila mahali, isipokuwa upande wa jikoni, ambako alipandanisha wimbi moja ili bati moja libaki. Hatukuona. Tulikamata kosa kwa sababu tulijaribu kwa maji kabla ya kulipa: bido (madumu) 12 za lita 20, zikimwagwa polepole kuanzia kwenye kilele, na mtu mmoja akikaa ndani na tochi. Jikoni yakaingia. Wakafungua, wakarudia, na lile bati lililobaki likapata kazi.

Manjanja 14 kwa dola 13: 182. Mbao na misumari 46. Mafundi 70. Jumla 298.

Tarehe 23 mwezi wa 6: maandishi ya ukutani

Mwezi mzima umeishia kwenye ukuta mmoja.

Wakati wa kilio cha baba, viti vya kukodi vikiwa bado uani, mmoja wa ukoo alileta mtu kuitazama nyumba. Usiku huo mdogo wangu wa kiume alichukua lile kopo la lami na brashi ya chokaa, akaandika kwenye ukuta wa barabarani, herufi ndefu kama mkono wa mtu mzima: NYUMBA HII HAIUZISHIWE. (Kwetu kuuzisha ndiyo kuuza.) Anayeijua Lubumbashi au Kinshasa amesoma maandishi ya namna hiyo mara nyingi. Watu wanayaandika kwa sababu nyumba inaweza kuuzwa na asiye mwenyewe, mwenyewe akiwa safarini au hospitalini. Yetu yaliilinda nyumba miaka minane, na sitamlaumu mdogo wangu kamwe.

Lakini komisionere (dalali) wa kwanza niliyemwita alisimama barabarani, akasoma, akakataa hata kuingia. "Mama, malizeni kwanza matata ya familia, halafu mniite."

Jaribio la kwanza: rangi nyeupe ya maji, mikono miwili (yaani kupaka mara mbili). Jioni ukuta uling'aa. Siku ya tatu herufi zikaanza kurudi, rangi ya chai ya rangi. Kufikia Jumamosi ulikuwa unaweza kusoma HAIUZISHIWE ukiwa ng'ambo ya barabara.

Jaribio la pili: fundi wa rangi alisema tuongeze rangi ya mafuta, hiyo haipitishi kitu. Ilipitisha haraka zaidi. Sasa nimeelewa sababu: lami ni mafuta, na dawa inayolainisha rangi ya mafuta inaiyeyusha lami, kwa hiyo tulikuwa tunaivuta juu wenyewe. Nilipoteza ndoo mbili za rangi, dola 76, na 30 za kazi, kwa kukubali neno la "tuongeze mkono mmoja".

Jaribio la tatu: petroli ya taa (mafuta ya taa) na tambara, kwenye herufi N ya mwanzo tu. Herufi ilifutika, na mahali pake pakawa na wingu jeusi la upana wa sinia. Petroli ilikuwa imeisambaza lami ndani ya plasta.

Jaribio la nne: patasi. Tulichonga kila herufi hadi plasta safi, tukajaza simenti, tukalainisha, tukapaka. Lami haikurudi. Nilifurahi sana siku mbili. Siku ya tatu nilipita saa kumi na moja jioni, jua likipiga ukuta kwa ubavu, nikasoma sentensi nzima. Viraka vilikuwa laini kuliko ukuta wa kando, na vilikuwa na umbo la herufi.

La tano ndilo lililofaa, na ningeanza nalo tangu siku ya kwanza. Tulibandua plasta yote kwenye ukanda huo, kutoka kona hadi kona, si mahali pa herufi tu, tukalowanisha matofali, tukapiga plasta mpya kwa siku moja bila kukata katikati. Mifuko 3 ya simenti kwa 13, yaani 39, mchanga 25, kazi 45: jumla 109. Nimeenda pale saa kumi na moja jioni siku nne mfululizo. Ukuta uko kimya.

Tarehe 14 mwezi wa 7: mchwa

Baridi ya mwezi wa saba inauma asubuhi, mafundi wanaanza saa tatu.

Fremu ya mlango wa jikoni ilikuwa na rangi nzuri ya kahawia, haina tobo. Niliigonga kwa kidole, ikatoa sauti ya debe tupu. Nikaisukuma kwa bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini, na udongo mwekundu ukamwagika miguuni mwangu. Mchwa walikuwa wamekula mti wote na kuacha ngozi ya rangi. Nyuma ya fremu, ukutani, njia zao za udongo zilipanda hadi kwenye kenchi. Milango minne ya nyuma yote ilikuwa hivyo.

Kosa: jirani alinishauri mafuta machafu ya motokari, watu wengi hapa wanayatumia. Nilinunua ya dola 8, tukajaza ndani ya fremu mbili ambazo nilidhani zitapona. Kwanza, harufu haikutoka, mpaka leo ukifungua chumba cha nyuma unafikiri uko garaji. Pili, rangi haishiki juu yake, inateleza. Tatu, na hili ndilo lililoniogopesha, kisima chetu kiko hatua nane kutoka kwenye mlango huo. Maji hayo mama aliyanywa miaka arobaini. Tulichimba udongo uliolowa mafuta, tukautoa kwa toroli, na fremu zote nne zikang'olewa.

Tumeweka fremu za chuma, 48 kila moja, zinachomelewa hapa hapa Katuba. 192, kuziweka 60.

Fremu bila kushughulikia kichuguu ni kazi bure. Hapa Katanga ya juu vichuguu ni vikubwa, kuna vinavyopita nyumba, na kukata kichwa chake hakuui kitu. Malkia anakaa chini, katika chumba cha udongo mgumu kama tofali. Mama alipigiwa simu kwanza, maana mvua za mwanzo zikinyesha ni pale tulikuwa tunaokota inswa (kumbikumbi) kwa beseni, na alikaa kimya kidogo kabla ya kukubali. Vijana wawili walichimba siku tatu. Chumba cha malkia kilikuwa mita moja na nusu chini ya usawa wa ardhi, mviringo, saizi ya mkate wa duara. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, kwa hiyo wachoma matofali waliubeba wote bila kunitoza usafiri. Vijana 50.

Pamoja na mafuta yale ya aibu: 310.

Tarehe 1 mwezi wa 8: karatasi

Leo ni siku ya wazazi. Asubuhi tulikuwa makaburini na majembe kama kila mtu, tukalima kaburi la baba. Mchana tukakaa chini ya mwembe, sote watano, mama kwenye kiti chake, mdogo wetu wa Ndola, Zambia, akiwa amevuka mpaka wa Kasumbalesa jana yake. Baba mdogo na shangazi walikuwepo kama mashahidi.

Yaya alieleza alichokuta. Baba hakuwa na sertifika. Alikuwa na kijitabu cha zamani, livret de logeur, chenye namba ya parseli na mihuri ya ushuru. Sisi tulikua tukikiona kama ndiyo hati ya nyumba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, raia anapewa haki ya kuutumia, na kinachothibitisha haki hiyo ni sertifika, yaani certificat d'enregistrement. Kijitabu kinakupa mlango wa kuomba konsesyo ya kudumu (haki ya kutumia ardhi bila kikomo cha muda), ikiwa wewe ni raia na parseli iko katika eneo lililopimwa. Mnunuzi anayejua kazi yake hatatoa dola 20,000 kwa kijitabu, na anayekubali atakushusha bei kwa theluthi.

Kilichotuchelewesha kilikuwa kidogo na cha zamani: mwaka 2016 tulizika bila kutangaza kifo kwenye etat-civil (ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo) kwa wakati. Tulikuwa na karatasi ya hospitali tu. Kwa hiyo yaya ilibidi aende mahakamani kuomba hukumu ya kujaza pengo hilo. Bila hati ya kifo hakuna urithi, bila urithi hakuna wa kusaini. Kama umezika mzazi mwaka huu, nenda ukatangaze wiki hii.

Leo tumeandika kumbukumbu ya kikao cha familia: yaya ni likidatere (msimamizi wa urithi), warithi ni sisi watano, na mama anakubali kwa saini yake. Saini ya mama si heshima tu. Sheria ya familia inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe, na nyumba ikiuzwa bila yeye, mauzo yanaweza kupingwa. Alisaini polepole, jina lote, na la baba akalitamka kwa sauti.

Hapa pia tulipoteza. Mtu mmoja aliyekuwa akikaa chini ya mti karibu na maofisi, mwenye faili kwapani, alimwambia yaya kwamba atamaliza yote kwa wiki mbili kwa dola 150. Yaya ni mtu mwangalifu, lakini alikuwa amechoka kurudi. Mtu huyo hatujamwona tena, wala hakuwa mfanyakazi wa ofisi yoyote. Tangu siku hiyo tunalipa dirishani tu na tunadai risiti. Risiti zote ziko katika bahasha moja, na bahasha hiyo baadaye ilitusaidia kuliko rangi.

Tarehe 1 mwezi wa 9

Waya na soketi zimebadilishwa, 120. Bili za zamani za moto (umeme) zilizolala kwa jina la baba zimelipwa, hizo yaya ameziweka kwenye hesabu ya karatasi. Kisima kimefagiwa na kuongezwa pete moja ya beto (zege), 80. Nyumba yote imepakwa rangi ndani na nje, 210. Hakuna la kusimulia, kazi ilienda vizuri. Au ndivyo nilivyodhani, tazama mwezi wa kumi.

Watu wa kadastre (ofisi ya vipimo vya ardhi) walikuja kupima. Ukuta wetu wa kushoto umeingia kwa jirani sentimita 40 kwa urefu wa mita sita, tangu baba alipojenga jiko. Jirani ni mzee aliyekuwa rafiki yake. Alicheka, akasema alijua tangu mwaka huo. Tulikwenda naye kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), tukaandikiana kwamba anakubali mpaka ulivyo, naye akaomba jambo moja: matawi ya mwembe yanayolalia bati lake yakatwe. Yamekatwa siku hiyohiyo.

Tarehe 6 mwezi wa 10: wageni wa kwanza

Tumetangaza dola 30,000. Komisionere ni mama mmoja wa Kenya, komini (kata) ya jirani hapa Lubumbashi. Tumekubaliana asilimia 5 na kwamba hatatoza watu pesa ya kutembelea, maana anayelipa kwa kutazama anakuja na hasira tayari.

Wamekuja saba. Nimejifunza kuandika wanachotazama, maana hawatazami nilichotazama mimi. Hakuna hata mmoja aliyesifu rangi. Wanawake wanne kati ya watano walienda moja kwa moja kisimani, wakadondosha jiwe, wakasikiliza. Mwezi wa kumi ndio mwisho wa ukame, kisima chenye maji sasa hakitakauka. Wanaume walitazama juu, wakauliza manjanja ni BG ngapi. Wote, bila kubakiza, waliuliza: "Karatasi zikoje?" Nikijibu kwamba faili liko njiani, nyuso zinafunga.

Mfanyabiashara mmoja wa kigeni alipenda sana, akataja 28,000 papo hapo. Yaya alimweleza wazi kwamba konsesyo ya kudumu ni ya raia tu, yeye angepewa ya muda, isiyozidi miaka 25, ingawa inaweza kurudiwa. Akasema atafikiri. Ndugu zangu wawili walinung'unika kwamba tungenyamaza. Mimi nashukuru yaya alisema.

Tarehe 27 mwezi wa 10: mvua ya kwanza

Imenyesha usiku wa Alhamisi, mvua nzito. Paa halikuvuja hata tone, nilikaa macho na tochi.

Asubuhi ya Jumamosi nikaona ukuta wa chumba cha 1987, kwa ndani, kuanzia sakafuni hadi kwenye goti. Rangi mpya ilikuwa imeinuka malengelenge. Nililipasua moja kwa ukucha, nyuma yake kukatoka unga mweupe, mwepesi kama wa muhogo. Nikauonja: chumvi. Tulikuwa tumepaka mwezi wa nane, ukuta ukiwa mkavu kwa miezi minne, na kiangazi kilikuwa kimetuficha kila kitu.

Nilitaka kukwangua na kupaka upya kabla ya wageni wa Jumapili. Fundi wa paa, huyuhuyu mzee, alikataa. Alinipeleka nje, akaweka ubao wa kupimia kutoka sakafu ya ndani hadi ardhi ya uani. Ardhi ilikuwa juu ya sakafu kwa vidole vinne. Miaka 37 ya kufagia uani tukisukumia taka ukutani, ya jivu la makaa, ya kumwaga maji ya kuoshea vyombo palepale. Ukuta hauna kizuizi cha unyevu chini, kwa hiyo unanyonya maji ya udongo kama utambi, na plasta ya simenti inayafungia ndani. Maji yanapata njia moja tu ya kutokea, chumbani, na chumvi ya udongo wanakuja nayo.

Tarehe 24 mwezi wa 11: ukuta wazi

Tumechimba ardhi kando ya ukuta wote hadi sentimita 20 chini ya sakafu, tukajenga mfereji wa beto unaoteremkia barabarani. Ndani tumebandua plasta ya simenti hadi usawa wa kiuno na kuacha matofali yapumue. Badala yake tutapiga plasta ya chokaa, ya upande wa Kakontwe karibu na Likasi, kwa sababu chokaa inaachia unyevu utoke. Lakini si sasa. Fundi anataka wiki sita matofali yakauke, na ni masika. Kila siku tunafungua madirisha asubuhi, tunafunga mvua ikikusanya. Kazi hii ilikuwa ya mwezi wa sita, nami mwezi wa sita nilikuwa nashindana na herufi.

Simenti mifuko 4, 52. Kokoto na mchanga 38. Chokaa 20. Kazi 65. Jumla 175.

Komisionere alisema tusimame kupokea watu mpaka ukuta ufunikwe. Niliona vibaya kumkataza mama mmoja aliyetoka Ruashi, komini nyingine ya jiji, kwa miguu, nikamwonyesha. Aliinama, akashika matofali kwa kiganja, akauliza maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Nikamtoa nje, nikamwonyesha mfereji, na daftari hili nikampa asome. Alisoma kurasa za paa na za mchwa akiwa amesimama. Jumapili iliyofuata alirudi na mumewe. Mume akauliza: "Na hapa barabarani, mliandika haiuzishiwe?" Nikamwambia ndiyo, na nani aliandika, na kwa nini. Wametaja 24,000.

Tarehe 2 mwezi wa 2, 2025

Sertifika imetoka kwa jina la warithi. Hesabu ya karatasi kwa jumla, hukumu, kupima, konsesyo, bili za zamani na zile 150 zilizopotea: dola 1,460. Hiyo peke yake ni karibu sawa na bajeti yetu yote ya mwanzo.

Plasta ya chokaa imepigwa mwezi wa kwanza, mvua zikinyesha, na goti la ukuta limebaki kavu. Hatujapaka rangi juu yake, ila chokaa nyeupe tu.

Wale wa Ruashi walileta mwanasheria wao. Alisoma kila karatasi, akatuambia jambo ambalo hatukulijua: sertifika inaweza kupingwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo, baada ya hapo haitikisiki. Yetu ina siku chache. Kwa hiyo akataka warithi wote watano na mama wasaini mkataba wenyewe mbele ya notere (mthibitishaji wa mikataba), si likidatere peke yake. Kwangu ni haki. Mdogo wetu wa Ndola amekata tikiti tena.

Akafungua ile bahasha ya risiti, akazipanga mezani kwa tarehe, akamtazama mteja wake, akatikisa kichwa kukubali. Wamepanda hadi 26,000.

Tarehe 16 mwezi wa 3, 2025

Tumesaini Ijumaa. 10,000 zililipwa siku hiyo, 16,000 zitalipwa sertifika ikihamishwa kwa majina yao, na funguo za vyumba viwili vya nyuma zinabaki kwetu mpaka hapo. Matengenezo yamefika 1,408, karatasi 1,460, komisionere 1,300. Fungu la mama tumelitoa kwanza, kabla hatujagawana sisi.

Jana mama alitoka Likasi kuaga. Aliwaonyesha wenyewe wapya mahali pa kichuguu, akawaambia inswa huenda wakaja bado mwaka huu, maana wanaporuka hawaulizi. Aliingia chumba cha 1987, akapitisha kiganja kwenye ukuta kutoka sakafuni hadi kiunoni, akajifuta kwa kitenge, kitenge kikabaki cheupe cha chokaa, bila unyevu.

Wakati wa kuondoka, yule baba wa Ruashi aliniita pembeni kwenye ukuta wa barabarani. Anafanya kazi Kolwezi, anakuwepo nyumbani wikiendi mbili kwa mwezi, na anaogopa. Aliuliza kama lile kopo la lami bado liko stoo. Nikampa, lina kama robo. Nikamwomba aandike juu ya bati na alitundike kwa waya, asiguse plasta.